Heko kwa Ekseli Iliyopinda

Mkokoteni wa ng'ombe unapoteremka na magunia ya mahindi kuelekea mjini Sumbawanga, watu husifu maksai, mwenye mahindi hujisifu mwenyewe, na ekseli haitajwi na mtu. Itatajwa siku itakapopinda, na siku hiyo itatajwa kwa matusi. Kwa watu wa kata ya Malangali na Ufipa nzima, nchi inayouzunguka mji huo, wanaoishi kwa mahindi, maharage na ulezi, huu ni utovu wa shukrani. Ekseli iliyopinda ni mtumishi wa umma asiyelipwa mshahara.

Kazi yake ya kwanza ni kupima. Lori la barabara ya Tunduma lina mizani yake, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaliruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Mkokoteni hauna mizani, una lumbesa. Gunia la kilo 100 hushonewa kilemba juu, likanenepa, na bado likahesabiwa gunia moja. Mwenye mzigo anajifanya hajui. Mnunuzi anajua, ila amenyamaza kwa sababu zake. Wakala wa Vipimo hawezi kusimama katika kila njia ya shamba. Inabaki ekseli peke yake kutoa taarifa: inabonyea katikati, na magurudumu yanatanua miguu kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Taarifa hiyo haibadilishwi kwa soda wala kwa simu kutoka juu.

Kazi ya pili ni ualimu wa hesabu. Mteja anayebana senti huchukua chuma cha milimita 30 badala ya 40, akiamini amekosa robo tu ya unene. Lakini uwezo wa chuma cha mviringo kustahimili kupinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo kile cha 40 kina nguvu karibu mara 2.4 ya kile cha 30. Halafu kuna umbali kati ya gurudumu na mahali ekseli ilipofungwa kwenye bodi. Ukiuongeza maradufu, mzigo uleule unaipinda kwa nguvu maradufu. Hesabu hii haichagui chombo. Katika ngome ya Warwick, Uingereza, mwaka 2005 ulisimamishwa mtambo wa kurushia mawe wa mtindo wa kale, wenye urefu wa mita 18 na uzito wa tani 22. Mkono wake na uzito uliouvuta vyote vilibebwa na ekseli moja. Anayetaka kujiundia kadogo nyuma ya nyumba afunge nguzo karibu na mkono, kama fundi wa mkokoteni anavyosogeza bodi karibu na magurudumu.

Sifa kubwa kuliko zote ni huruma. Chuma laini hupinda kwanza, kikampa mwenye mali nafasi ya kushusha magunia na kulaumu watu wengine. Chuma kigumu hakiagi, wala kilichochoka. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya injini ya treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilikatika, mabehewa yakapandiana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye Mjerumani August Wöhler alijaribu ekseli za reli kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba mzigo ambao chuma kinaubeba leo bila shida unaweza kukikata ukirudiwa mara nyingi mno. Ekseli ya reli huzunguka pamoja na gurudumu, hivyo kila mzunguko huikunja upande huu na upande ule. Ya mkokoteni imetulia, magurudumu ndiyo yanazunguka kwenye beringi, basi hupindia upande mmoja tu, waziwazi, mbele ya majirani.

Na inalisha watu. Ufipa haikuanza jana kuishi na chuma: wahenga wake waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuru ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Fundi wa leo ana mashine ya kuchomelea, ila ekseli iliyopinda bado huipasha moto hadi iwe nyekundu, akaigonga, akafumba jicho moja na kuitazama kwa urefu wake, akaigonga tena. Akishindwa, anauza mpya. Anapouliza mkokoteni utabeba magunia mangapi, mteja hujibu manane. Fundi huigeukia ile ya zamani iliyolazwa mlangoni, kisha anakata chuma cha magunia kumi na tano.