Tarehe 14 Haikosei

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikitangaza kuwa mvua inakuja, Mkenya huanika nguo.

Mwaka 2023 ubishi huo ulipata mfadhili mkubwa. Wataalamu walikuwa wameonya mapema juu ya El Niño, lakini Oktoba Rais William Ruto akawatuliza wananchi: mvua itakuwepo, ila si ile El Niño iliyotabiriwa. Novemba ilipofika, Mandera, Garissa na Mombasa zikafurika, barabara zikakatika, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Ikulu ilikuwa imetoa utabiri, mito haikuusikia.

Utabiri mmoja tu hauna mpinzani. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei ya mafuta, na saa sita usiku pampu hutii. Oktoba hiyohiyo lita ya petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36. Shilingi ilikuwa imedhoofika mbele ya dola, na tangu Julai VAT ya mafuta ilikuwa imepanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Bei ikipanda, wakubwa hulaumu soko la dunia. Ikishuka, soko hilo halipewi hata asante.

Makondakta wa matatu, kwa upande wao, wameunganisha taaluma zote mbili. Wingu likitanda juu ya Nairobi jioni, nauli hupanda kabla tone la kwanza halijagusa lami, na hakuna abiria anayedai kuonyeshwa picha ya setilaiti.