Iwe Mia Tatu

Katika ukoo wetu, ukishajulikana una kompyuta umekwisha. Mwenye gari huombwa gari siku za harusi na misiba, basi. Mwenye kompyuta yuko zamu mwaka mzima. Ndiyo maana kamati ya jubilei ya baba mkubwa na mama mkubwa ilipokaa, ndoa ikitimiza miaka 50 tangu 1974, wenzangu waligawana vyakula, viti, muziki na lawama, mimi nikaachiwa bango. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Mwenyekiti alisema tu, "Bango yupo kijana wetu, ana laptopu," akaingia ajenda ya pilau.

Kijana mwenyewe nina miaka arobaini na saba na miwani ya kusomea. Kwetu kijana si umri, ni cheo cha mtu wa kutumwa.

Bango lilitakiwa liwe mita 3 kwa 2, katikati ikae picha yao ya siku ya ndoa, ile ya studio, nyeusi na nyeupe. Picha za ukoo anazitunza shangazi, Tanga. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimeshaituma tangu asubuhi, hujaiona?"

Nilikuwa nimeiona, na ndiyo sababu ya kupiga. Shangazi alikuwa ameipiga picha ile picha ya ukutani, ikiwa ndani ya fremu yake ya duara, kupitia kioo, taa ya simu ikiwaka. Kwenye paji la uso la baba mkubwa kulikuwa na jua la saa saba mchana. Kifuani kwa bibi harusi alisimama shangazi mwenyewe, kivuli, na kanga yake begani. Halafu, ili kuondoa ukuta uliotokea pembeni, alipiga skrinishoti akaikata. Akaitupa kwenye grupu la ukoo. Mjomba akaichukua huko akanirushia mimi. Kila ilipopita WhatsApp iliilamba kidogo, ndiyo desturi yake, inabana picha ili zisafiri haraka na zisimalize bando. Iliponifikia ilikuwa na pikseli 480 kwa 640, uzito kilobaiti 41. Ujumbe wa sauti wa shangazi wa kunitaarifu kwamba ametuma picha ulikuwa mzito kuliko picha.

Nikaenda nayo Kariakoo kwa kijana anayechapa mabango. Hakuiangalia. "Mzee, faili iwe dpi mia tatu," akasema, kwa sauti ileile ya mganga wa zahanati anayekwambia mbili mara tatu, akageukia mteja mwingine.

Nikarudi nyumbani, nikafungua programu, nikakuta kisanduku kimeandikwa 72. Nikafuta, nikaandika 300, nikabonyeza sawa. Nikangoja. Picha haikubadilika hata unywele mmoja. Kilichobadilika ni tarakimu ndogo za chini, zile ambazo hakuna anayezisoma: awali zilisema picha ni sentimita 17 kwa 22 na ushee, sasa zinasema 4 kwa 5 na ushee. Baada ya jitihada zote hizo nilikuwa nimetengeneza picha ya pasipoti.

Hapa niseme jambo ambalo kamati nzima ilikataa kulielewa. Hiyo dpi si ubora unaomwagwa ndani ya picha kama chumvi. Ni hesabu ya vidoa vingapi utavipanga katika inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu na kidogo. Vidoa vyenyewe ni vilevile ulivyokuja navyo. Ni unga. Una kilo moja ya unga, ukiwapikia watu wanne watakula ugali wa kushika. Ukiwaalika watu arobaini kwa kilo ileile, utawanywesha uji, na haisaidii kuandika mlangoni kwamba leo ni ugali. Mimi nilikuwa na unga wa pikseli 480 na wageni wa mita nzima. Nilipopiga hesabu, kila pikseli ingekuwa na upana wa milimita mbili hivi. Jicho la mama mkubwa lingekuwa kama tofali la choo.

Kuna kisanduku kingine, ukikitia tiki kompyuta inakuongezea pikseli. Nilikitia, sisemi uongo. Inaziongeza kwa kukisia: inatazama kidoa cheusi na jirani yake mweupe, inabuni cha kijivu katikati. Nilipata faili kubwa, nene, yenye heshima zote, na ndani yake wazee wangu wamekuwa kama watu wanaoonekana nyuma ya pazia la bafuni. Pembeni mwa shela la bibi harusi kulikuwa na vijiraba, safu kwa safu. Ni alama za JPEG, maana inapobana picha huikata vijiraba vya pikseli 8 kwa 8 na kurahisisha kilichomo, na kila unapoihifadhi upya inarahisisha tena. Ni fotokopi ya fotokopi. Picha ya shangazi ilikuwa imerahisishwa mara nne kabla ya kufika kwangu, na sasa nilikuwa nimevikuza na vijiraba.

Mwenyekiti alipita, akatazama, akasema, "Si uisafishe tu?"

Watu hawa wanaamini ndani ya kompyuta kuna sabuni.

Nikampigia tena shangazi, nikamwomba picha yenyewe, isiyo ya fremu. Akakiri ipo, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Ile ya ukutani ni nakala iliyokatwa pembe zote iingie kwenye duara. Nikamwelekeza aipige mchana, karibu na dirisha, bila taa, kisha aitume kama dokyumenti, si kama picha, maana ikienda kama dokyumenti hailambwi. Maelekezo yalichukua dakika ishirini na tano. Nilichopokea ni picha ya dari. Nikamshauri basi aitie bahasha aikabidhi kwa kondakta wa basi. Akakaa kimya kwa muda, kimya cha mtu aliyetukanwa. "Picha ya kaka yangu," akasema, "nimpe kondakta?"

Nikapanda basi mwenyewe kwenda Tanga. Kilomita mia tatu na hamsini kwa karatasi ya sentimita 9 kwa 13.

Kopo likafunguliwa, nikaelezwa habari za marehemu wote waliomo, nikala, nikaruhusiwa kwenda na picha mjini kwa sharti la kurudi kabla ya magharibi. Kwenye steshenari moja, binti aliiweka juu ya skana na kidole chake tayari kwenye kitufe. Nikamuuliza imewekwa ngapi. Mia na hamsini. Nikamwomba mia sita. Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai ya vijiko kumi vya sukari.

"Itakuwa nzito, kaka."

"Ndiyo ninachotaka."

"Watu wote huwa wanataka nyepesi."

Sikumlaumu. Wiki hiyohiyo mwanangu alikuwa anajaza fomu mtandaoni inayodai picha isizidi kilobaiti 50, na nyumba nzima ilikuwa inaminya uso wa mtoto uingie. Ndivyo tunavyoishi: dirisha hili likudai ukonde, dirisha lile likufukuze kwa kukonda. Lakini kwenye skana tarakimu ya dpi inafanya kazi ya kweli, kwa sababu hapo ndipo unga unapopimwa. Kwa mia na hamsini ningeondoka na pikseli 530 hivi kwa upana, karibu sawa na za shangazi. Kwa mia sita nilipata 2,126 kwa 3,071. Nikamwomba aihifadhi kama TIFF ili isibanwe tena, ikawa karibu megabaiti 20. Alivyonikabidhi flashi, ungesema inaweza kulipuka.

Kariakoo tena. Kijana akafungua faili, akaiona safi, halafu akaona tarakimu. Kwa upana wa mita moja nilioutaka bangoni, pikseli zangu 2,126 zinatoa dpi 54.

"Hamsini na nne! Mzee, hii itapasuka. Nimekwambia iwe mia tatu."

Hapo nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki na kumwomba kikokotoo. Bango la mita 3 kwa 2 kwa dpi mia tatu ni pikseli zaidi ya 35,000 kwa 23,000, jumla zaidi ya milioni mia nane. Kompyuta yake, ambayo ilikuwa inapepewa na feni ya mezani, ingefungua faili hilo siku ya jubilei ya miaka 60. Mia tatu ni ya picha unayoishika mkononi, puani. Bango linatazamwa na mtu aliyekaa meza ya sita akitafuna paja la kuku. Hakuna anayekwenda kulinusa.

Hakushawishika na hesabu, kwa hiyo tukafanya kienyeji. Nikakata kipande cha picha, uso wa mama mkubwa na bega la baba mkubwa na mkono wake, kwa ukubwa uleule utakaokuwa bangoni. Tukakichapa kwenye karatasi mbili za A4, tukazibandika ukutani, tukarudi nyuma mpaka barabarani, tukasimama kati ya bajaji na muuza machungwa. Macho yalikuwa macho. Shela lilikuwa na nyuzi zake. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa mzee, basi faili la mwisho nirushie WhatsApp."

Nilihesabu mpaka kumi. Nikampa flashi mkononi.

Ni wakati wa kubandua zile karatasi ukutani ndipo nilipoukaribia mkono wa baba mkubwa. Lazima ujue historia ya koti lile. Tumelisikia tangu tukiwa watoto: mshahara wa kwanza wa karani wa shamba la mkonge, fundi bingwa wa Tanga mjini, vipimo mara tatu, kitambaa kilichoagizwa. Kila kijana wa ukoo aliyeoa kwa suti ya kukodi amehutubiwa kuhusu koti lile, nikiwemo mimi. Na pale mwisho wa mkono wa koti, karibu na kifungo, kilining'inia kikaratasi kidogo kwenye uzi. Kwenye picha ya kopo kilikuwa kama alama ya vumbi. Kwenye fremu ya duara kilikwisha katwa. Kwa skana ya mia sita kilisomeka bila miwani: Na. 14.

Koti lilikuwa la studio.

Sikumwambia mtu. Nilimtumia mwenyekiti sampuli, kama dokyumenti, bila kulambwa, aipitishe. Mwenyekiti akampelekea baba mkubwa, na baba mkubwa ana wajukuu wanaojua kuvuta picha kwa vidole viwili.

Alinipigia usiku, saa nne, saa ambayo huwa amelala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Picha nimeiona. Safi." Akakohoa. "Safi mno." Nikasikia mlango ukifungwa, kisha sauti yake ikashuka. "Hivi, ile aliyotuma shangazi yako, kweli haifai?"