Namna ya Kuwa Mjuzi wa Mnada kwa Asubuhi Moja

Unakwenda kwenye mnada wa samani na picha za kale London, hujasoma hata ukurasa mmoja wa historia ya sanaa, na bado ungependa watu wakuone mjuzi. Nami nataka wakuone hivyo. Usisome chochote usiku huu, lala. Asubuhi tia mfukoni futi ya fundi, tochi na pini moja nyembamba.

1. Nenda siku ya ukaguzi, kabla ya siku ya mnada. Milango huwa wazi na kuangalia ni bure. Utawakuta watu wamesimama mbele ya kabati, wanasifia mng'ao wake. Waache hapo, wewe piga magoti. Mghushi humaliza ufundi wake usoni pa kitu. Akifika chini na nyuma keshachoka, na huko ndiko siri zake ziliko.

2. Sasa pindua kiti, chomoa droo, washa tochi. Tafuta skrubu ya nyota. Skrubu hizo zilianza kuenea kutoka Marekani miaka ya 1930, kwa hiyo kiti kinachoitwa cha mwaka 1760 kikiwa nazo, kuna mtu alikigusa juzijuzi. Uliza aligusa wapi. Angalia pia mikwaruzo ya msumeno. Ikiwa imepinda kama upinde, mbao ilipasuliwa kwa msumeno wa duara, na msumeno huo ulienea viwandani karne ya 19.

Ila kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha meza ya duara. Ipime mara mbili: kwanza kufuata nyuzi za mbao, kisha kuzikatiza. Mbao hunywea upana miaka nenda miaka rudi, lakini urefu wake haubadiliki sana. Meza iliyokaa miaka mia mbili na zaidi huwa imekuwa yai kidogo. Ikipimika sawasawa pande zote, itilie shaka. Zungusha futi yako taratibu, soma, tikisa kichwa, pima tena. Kabla hujasimama wima kutakuwa na watu wawili nyuma yako wanaotaka kujua umeona nini. Waambie. Ujuzi huu haupungui kwa kugawa.

3. Matundu ya bungua. Watu huyaamini sana, na ndiyo maana wapo wanaoyatoboa kwa keekee. Ingiza pini (omba ruhusa kwanza). Bungua hutembea kwa kupindapinda. Pini ikizama moja kwa moja hadi mwisho, mdudu huyo alikuwa na umeme.

4. Kwenye picha fanya vilevile: iangalie mgongoni. Mwombe mhudumu akugeuzie, ni kazi yake na hatakasirika. Soma lebo, mihuri, misumari ya fremu. Wolfgang Beltracchi, Mjerumani aliyeghushi wachoraji wakubwa, alibandika nyuma ya picha zake lebo za mkusanyiko wa Flechtheim, na lebo zenyewe alizitengeneza yeye. Moja ya picha hizo, iliyodaiwa kuchorwa na Campendonk mwaka 1914, iliuzwa mnadani Köln mwaka 2006 kwa zaidi ya euro milioni 2.8. Lebo hizo zilisaidia kumfichua. Maabara nayo ilisema lake: ndani ya rangi mlikuwa na nyeupe ya titani, ambayo mwaka 1914 mchoraji asingeweza kuipata. Mwaka 2011 Beltracchi alihukumiwa kifungo cha miaka sita.

5. Katalogi usiisome yote. Soma neno linalotangulia jina la mchoraji tu. "Inadhaniwa ni ya", "karakana ya", "mfuasi wa", "kwa mtindo wa": kila neno ni ngazi moja ya kushuka. Na ukiona wameandika kwamba picha "ina saini" badala ya "imesainiwa", wenye mnada wanakunong'oneza kuwa saini hiyo huenda iliwekwa na mkono mwingine.

6. Siku ya mnada andika kikomo chako kwenye kiganja, na ndani yake uhesabu ada ya mnunuzi. Picha ya Salvator Mundi, New York, 2017: nyundo iligonga dola milioni 400, aliyeshinda akalipa milioni 450.3. Dau likipita kiganja chako, mtazame dalali machoni, tikisa kichwa mara moja, tabasamu. Jirani yako ataanza kujiuliza umegundua kasoro gani.

7. Ukikutana na kiti cha enzi cha pwani yetu, kile cha mpingo, mgongo mrefu wenye nakshi za pembe na mfupa, kikalio cha kamba, uliza maswali mawili. La kwanza: usajili wa pembe uko wapi? Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kazi Juni 2022, imepiga marufuku biashara ya pembe za ndovu isipokuwa kwa vitu vichache, na hata kitu cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 lazima kisajiliwe kwanza. La pili: kilitoka nyumba gani?

Swali hilo la pili mara nyingi halina jibu, na hunichoma moyo, kwa sababu jibu lilikuwa kwetu. Kama nyumbani kwa bibi yako bado kuna kiti, kasha la misumari ya shaba au kitanda cha zamani, kipindue wiki hii. Kipige picha chini na nyuma, umuulize bibi nani alikileta na lini, uandike jina la fundi kama analikumbuka. Karatasi uihifadhi pamoja na kitu chenyewe.