London ya Bure

Gemu la Fallout 4, lililotoka mwaka 2015, mambo yake yako Boston, Marekani, baada ya vita vya nyuklia. Kuna watu wa kujitolea wakaona Boston haiwatoshi. Wakaacha injini ya gemu kama ilivyo, mengine yote wakayabadili: mji, watu, silaha, hadithi. Wakatuletea London iliyobomoka, na mto wake Thames. Modi hiyo, yaani gemu lililogeuzwa na wachezaji, inaitwa Fallout: London, na ilitoka Julai 2024, tena bure. Na mimi mbele ya neno bure sina ujanja.

Sasa masharti. Uwe na Fallout 4 pamoja na nyongeza zake zote. Halafu, kwa kuwa wenye gemu walilisasisha Aprili 2024, miezi mitatu kabla ya modi kutoka, ulirudishe kwenye toleo la zamani. Mzigo wenyewe unapita gigabaiti 30. Nilinunua bando la usiku. Saa nane umeme ukakatika. Viza ya London halisi nadhani ina usumbufu kidogo kuliko huu.

Hatimaye likafunguka. Unaanzia maabara, unatoroka, unapanda treni, treni inapata ajali. Kompyuta yangu kuona ajali ile, nayo ikazimika. Nikawasha, treni ikaanguka tena, kompyuta ikazimika tena. Niko chini ya meza napapasa nyaya, simu ikaita. Akapokea mwanangu wa miaka sita.

"Shikamoo bibi. Baba hawezi kuongea. Yuko London, treni imeanguka."

Alikuwa shangazi yangu wa Muheza. Hadi najitoa uvunguni, simu imeshakatwa. Nikampigia: anatumika. Nikarudia: bado anatumika, maana alikuwa anauarifu ukoo. Alasiri kundi letu la WhatsApp lilikuwa limefurika jumbe za sauti, nyingine za vilio. Mjomba wa Pangani anauliza kisomo kisomwe kwa nani. Binamu yangu, baada ya pole ndefu yenye dua: "Kaka, ukipata nafuu, viatu namba 42, vyeusi."

Nilipoandika kwamba niko Mbagala, mzima, nacheza gemu, hakuna aliyeshukuru Mungu. Shangazi akatuma sauti: "Yaani mwanangu umetuchinjisha kuku kwa ajili ya gemu?" Mjomba akaongezea kwamba kuku mmoja alikuwa bado anataga.

Nikajaribu kujitetea. "Mjomba, haya si mambo ya kitoto. Counter-Strike inayochezwa dunia nzima ilianza hivihivi mwaka 1999, vijana wawili wakaligeuza gemu la Half-Life, hadi kampuni ya Valve ikawachukua."

"Huyo Kaunta ni mtoto wa nani?"

Nikanyamaza.

Treni niliivuka baadaye, baada ya kupunguza ubora wa picha hadi nyuso za watu zikafanana na viazi. Hata hivyo nasema wazi: kazi ile ni kubwa kuliko magemu mengi ya kulipia. Hata John Bercow, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge la Uingereza, ameingiza sauti yake humo. Ukitaka kuijaribu, andaa nafasi ya kutosha kwenye diski, usisasishe gemu lako ovyo, na simu yako ipokee mwenyewe.