Namna ya Kumpiga Chenga Binadamu Mpaka Apande Mti

Ndugu yangu wa Salamabila, huku Maniema, mashariki mwa Kongo, najua kazi uliyopewa. Umevishwa fulana ya shirika, ukapewa kofia na karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka, ukaambiwa nenda ukawaelimishe watu kuhusu tabianchi. Karatasi hiyo iweke chini. Nitakupa njia ya mkato, na haitakula hata lita moja ya mafuta ya pikipiki.

Kubali kwanza kwamba binadamu hashindwi kwa hoja. Mwaka 2012 Dan Kahan na wenzake waliwapima Wamarekani, wakakuta kwamba wenye ujuzi mwingi wa sayansi na hesabu ndio waliogawanyika zaidi kuhusu tabianchi. Kila mmoja alitumia akili zake kuutetea upande wake. Ikiwa shule haikuwapatanisha hao, mistari yako haitawapatanisha mchimba dhahabu wa mgodi wa Namoya na mkulima wa mpunga. Usibishane. Piga chenga.

1. Mpe mbishi haki yake

Yupo, na atanyosha mkono mapema: "Wazungu walimaliza misitu yao wakajenga viwanda. Leo sisi ndio tukatazwe kukata mti?" Usimkunjie uso. Mwambie ana haki, maana anayo. Hewa ya kaboni inayotoka kwa Mkongomani mmoja katika mafuta na makaa ya mawe haifiki hata sehemu ya mia ya ile ya Mmarekani. Na mtu huyo aliiona Banro, kampuni ya dhahabu ya Kanada, ikianza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016, kisha ikasimamisha kazi 2019 kwa kukosa usalama. Amezoea wageni wanaokuja na mipango na kuondoka. Ukimbishia utakuwa mgeni mwingine tu.

Ukishampa haki yake, mbadilishie dawa. Troy Campbell na Aaron Kay walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wengi huukana ugonjwa kwa kuwa hawaipendi dawa. Kwa hiyo neno "acha makala" lisitoke kinywani mwako. Mama anayeuza makala sokoni ana watoto wa kulisha leo. Mwambie habari za Mampu, kwenye nyanda za Bateke upande wa Kinshasa: huko wakulima wana akasia kwenye maelfu ya hekta, wanapanda muhogo katikati ya miti michanga, na miti ikikomaa wanaikata na kuchoma makala, kisha wanaanza upya. Hapo hujamnyang'anya kitu. Umempa shamba la makala.

2. Usiitaje dunia

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Barafu ya ncha za dunia waachie walioiona. Wewe taja mto Lualaba. Waambie maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na Lukuga inayamwaga Lualaba, kisha yanashuka kupita Kongolo, ardhi ya Kasongo, Kindu, hadi Kisangani na mbele, ambako mto huitwa Kongo. Mvua inayozamisha nyumba za Uvira na Kalemie ni jamaa ya maji hayo. Mwanzoni mwa 2024 mto Kongo ulipanda Kinshasa hadi mita 6.20, karibu na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961. Wazee waliokuwa watoto mwaka huo bado wapo. Waulize, na uwaache waongee muda wanaotaka, kwa sababu mzee akihadithia wajukuu wanasikiliza kuliko watakavyokusikiliza wewe.

Hesabu za wafu pia zitumie kwa kiasi. Tarehe 4 Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, yaliua zaidi ya watu 400. Ukitaja idadi hiyo watu watasikitika, kisha watauliza bei ya dhahabu. Mwaka 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic waliona kwamba watu huchanga zaidi kwa ajili ya mtoto mmoja aliyetajwa kwa jina, Rokia wa Mali, kuliko kwa mamilioni wenye njaa. Mtafute basi mmoja ambaye watu wa mtaa wanamjua, aliyepoteza shamba la bondeni. Mwombe ruhusa, asimame mwenyewe aseme.

3. Sema kitakachopotea

Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza tangu 1979: kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha. "Miti italeta mvua" ni ahadi, na ahadi Salamabila zimejaa. Sema hivi: "Mama, ukikata mti huu wa ukingoni, mstari huu wa mpunga unaondoka na maji." Uoneshe kwa kidole.

Kuwa mwangalifu tu na urefu wa wakati. Wengi hapa wamewahi kukimbia makwao kwa sababu ya bunduki, wengine zaidi ya mara moja. Aliyekimbia hapangi mambo ya miaka ishirini, na ana sababu. Mpe kwanza mpapai, ataula mapema. Parachichi lifuate. Mti wa mbao uingize mwisho, kama nyongeza.

4. Mtumie jirani

Hii ndiyo chenga kubwa. Katika utafiti uliochapishwa 2007, mjini San Marcos, California, watafiti walitundika kwenye milango ya nyumba karibu 300 karatasi inayosema unatumia umeme kiasi gani, na majirani wako kiasi gani. Waliokuwa wakitumia kupita kiasi wakapunguza kwa aibu. Lakini waliokuwa wakitumia kidogo wakaongeza! Pengine walijiona wajinga. Kundi jingine la watumiaji wadogo likachorewa uso unaotabasamu, na ongezeko halikuonekana. Tabasamu la kalamu, bei yake sifuri.

Salamabila haina mita za umeme, ila ina likelemba. Akina mama wanapokusanyika kumkabidhi mwenzao fedha za zamu, nenda na mbabula iliyokandwa kwa udongo inayokula makala kidogo. Usihubiri. Mwombe anayepokea zamu apike sombe juu yake mbele ya wote, na gunia la makala likae wazi pembeni. Wakati sombe inachemka wataona wenyewe gunia limeshuka kiasi gani, na hapo macho ya wenzake yatafanya kazi ambayo semina tatu hazikuifanya. Zamu ijayo, mwenyeji ataona haya kuwasha mbabula ya zamani. Na yule wa kwanza msifu kwa jina, kila mara, asije akarudi nyuma.

5. Mlishe shefu sifa, kijiko kwa kijiko

Unaijua salongo ya picha, ile kazi ya pamoja inayofanywa kwa ajili ya kamera. Jumamosi asubuhi shefu anafika na jembe jipya, mche unashikwa na watu wanne, kamera inalia, kila mtu anarudi nyumbani. Jioni mbuzi anakula mche.

Kupenda sifa kwa shefu si dhambi, ni mafuta ya gari lako, basi usiyamwage siku ya kwanza. Tengeneza kibao cha bati chenye jina lake, kikubwa, rangi nyekundu. Muoneshe, kisha kifungie ndani. Mwambie kwa heshima: "Papa Shefu, kibao kitasimama miche ikishavuka kiangazi cha pili." Utashangaa jinsi mbuzi watakavyofungwa. Wangari Maathai aliijua siri hii: vuguvugu lake la Green Belt, alilolianzisha Kenya 1977, liliwalipa akina mama fedha kidogo kwa mche uliopona, si kwa tundu lililochimbwa.

6. Wakubwa waite kwa cheo walichojipa

Novemba 2021, huko Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka mitano ili ilinde msitu. Julai 2022 serikali ikaweka mnadani vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine ndani ya msitu huohuo. Oktoba ikawa mwenyeji wa mkutano wa tabianchi Kinshasa, ikijiita nchi ya suluhisho. Mnada ukafutwa Oktoba 2024, na mwaka 2025 vikatangazwa vitalu 52 vingine. Wanasaikolojia wanaifahamu tabia hii: mtu akitenda jema moja, hujipa ruhusa ya kukosa mahali pengine.

Usimwite mbunge wako mnafiki. Mnafiki hujitetea, na mchezo unaishia hapo. Mwite "Mheshimiwa wa nchi ya suluhisho" kwenye redio, kwenye barua, msibani hata harusini, kisha mwombe suluhisho moja la ukubwa wa kijiji: kitalu cha miche, daraja, ukingo wa mto uliopandwa. Cheo alichojivika mwenyewe hawezi kukivua mbele ya watu.

7. Usidanganye hesabu

Chenga ni za kiburi, aibu na sifa. Ukweli usiuguse. Ukisema mti mmoja utazuia mafuriko, mvua ya kwanza itakuumbua, na baada yako hakuna atakayesikilizwa.

8. Toa wazo lako bure

Siku itafika shefu atasimama barazani aseme miti hii ilikuwa fikra yake tangu zamani, na kwamba wewe alikutuma tu. Piga makofi wa kwanza. Kisha muulize, watu wote wakisikia, mwaka huu anaongeza miche mingapi.