Lawama za 1974: Hesabu ya Makiso, kutoka tisa hadi moja

Hapa mtaani Makiso, shabiki wa klabu ya Malekesa na shabiki wa klabu ya Nika hawakubaliani hata juu ya saa. Lakini taja Ujerumani 1974, wote wanakuwa ndugu kwa dakika tano. Dakika ya sita ugomvi unaanza: lawama apewe nani? Chui wa Zaire, timu yetu ya taifa wakati ule, walikuwa mabingwa wa Afrika mwezi Machi, na timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Juni ikawa hivi: mechi tatu, magoli 14 wavuni kwetu, kwao hata moja. Basi tuwapange wenye lawama, tuanze na wadogo.

9. Namba tisa yenyewe
Mwezi Machi, kule Misri, tisa ilikuwa namba ya heshima. Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa katika Kombe moja la Afrika, na rekodi hiyo hakuna aliyeivunja mpaka leo. Miezi mitatu baadaye, Gelsenkirchen, Yugoslavia wakaturudishia yote tisa. Ndicho kitu pekee mwaka ule kilichofika kamili bila mtu kukimega njiani.

8. Uskoti
Ndiyo, wao. Tarehe 14 Juni, Dortmund, Lorimer akafunga, Jordan akafunga, kisha wakaona mbili zinatosha, wakaanza kutunza miguu. Wakatoka sare na Brazil, sare na Yugoslavia, wakarudi kwao bila kufungwa na mtu yeyote, kwa sababu ya tofauti ya magoli tu. Mmekuta duka halina mwenyewe, mkachukua vibiriti viwili! Papa mmoja fundi wa toleka (teksi ya baiskeli) anasema hao ndio watu pekee duniani wanaotulaumu kwamba tulijilinda vizuri.

7. Mwamuzi Omar Delgado
Tarehe 18 Juni, mechi ile ya Yugoslavia. Beki wetu Mwepu Ilunga anampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi huyu wa Kolombia anageuka, anatazama, anafikiri, anamtoa nje… Ndaye Mulamba. Mfungaji bora wa Afrika akatolewa uwanjani kwa mguu wa mwenzake.

6. Kipa Tubilandu
Aliingia mechi hiyohiyo tukiwa tumefungwa tatu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota la nne wavuni. Mwacheni, jamani.

5. Kocha Blagoje Vidinić
Mkiwa mmepangwa na Yugoslavia, na kocha wenu ametoka Yugoslavia, na dakika ya 21 anamtoa Kazadi, kipa wa kwanza, ambaye hata hajachechemea, mnategemea watu wa Makiso wasemeje? Wamesema kwa miaka hamsini. Mimi siingii kwenye kundi hilo. Mtu huyu mwenyewe alikuwa kipa, ana dhahabu ya Olimpiki ya 1960. Aliipeleka Morocco Kombe la Dunia 1970, kisha akatupa Kombe la Afrika. Baadaye alieleza kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa serikali aliyefuatana na timu. Anayeishi nchi hii hatauliza mara mbili kama jambo hilo linawezekana. Kosa la kocha ni kutii, na kwa kosa hilo nusu ya mji tungekuwa kwenye orodha.

4. Waliomcheka Mwepu
Mnaijua picha. Tarehe 22 Juni, Brazil wamepata mpira wa adhabu, filimbi inalia, Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabisa, kabla Mbrazil yeyote hajaugusa. Kadi ya njano. Mtangazaji mmoja wa Uingereza akasema ni ujinga wa Kiafrika, na tangu hapo kila orodha ya vichekesho vya Kombe la Dunia inaanza na beki wetu. Beki wa TP Mazembe, bingwa wa Afrika, hajui mpira wa adhabu unapigwaje? Mwepu alipohojiwa alisema sheria anazijua. Ila aliona hana sababu ya kuumizwa miguu bure wakati wenye kunufaika wamekaa jukwaani wakitazama. Alifariki 2015, bado anaulizwa swali lilelile na watu wasiosikiliza jibu.

3. Mgeni mwalikwa: Chicago White Sox
Najua, hii ni besiboli, tena ni 2024. Lakini hesabu inanikera. Vijana hao walipoteza mechi 121 katika msimu mmoja, 21 kati ya hizo mfululizo. Na mchezaji wa mshahara wa chini kabisa katika ligi yao mwaka ule alistahili dola 740,000. Wetu walipoteza tatu. Endeleeni kusoma.

2. Mobutu
Mwezi Machi: ndege, sherehe, ahadi ya nyumba na magari. Mwezi Juni, baada ya zile tisa: walinzi wake hotelini, na ujumbe mfupi. Kwa maelezo ya Mwepu, Brazil wakifunga nne, asirudi mtu nyumbani. Sasa tazameni maajabu: Brazil walihitaji ushindi wa magoli matatu ili wasonge mbele, sisi tulihitaji yasifike manne ili tuishi. Zikaisha 3–0. Ni nadra kuona mechi inayoridhisha pande zote namna hiyo.

1. Waliokula marupurupu
Kabla ya mechi ya Yugoslavia wachezaji waliambiwa pesa zao hazipo. Zilikuwa zimeondoka Kinshasa, Ujerumani hazikuonekana. Wakagoma, wakabembelezwa, wakaingia uwanjani na mioyo ikiwa imebaki hotelini. Mapumziko ilikuwa sita bila. Hao waliokula ndio waliofunga magoli yote tisa, hata kama kumbukumbu za FIFA zinasema Bajević wa Yugoslavia alifunga matatu.

“Na wachezaji uwaweke namba ngapi?” fundi ananiuliza. Hawamo, Papa. Chukua Ndaye tu. Mwaka 1994 alialikwa Tunis kupewa heshima. Aliporudi, wenye silaha wakamvamia wakitaka pesa walizodhani amepewa, wakampiga risasi mguuni. Akaishia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kumwombolezea, naye yu hai Cape Town. Alifariki Januari 2019. Heshima za maiti zilimfikia karibu miaka 21 kabla ya siku yake. Ni marupurupu ya Ujerumani tu yaliyochelewa.