Simu Isiyo na Haya

Katika viungo vyote alivyojaaliwa mwanadamu, sidhani kama kuna vinavyofanya kazi nyingi na kupata shukrani chache kuliko meno. Hutafuna pweza aliyekaushwa juani, hukata uzi wa mshonaji, hung'oa vizibo ambavyo mwenye chupa ameona uvivu kuvitafutia kifungulio, na kwa ihsani yote hiyo malipo yake aghalabu ni kusahauliwa mpaka usiku yatakapoanza kuuma. Hapo ndipo mwenye meno hukumbuka, kwa mara moja, kila kashata na kila kikombe cha chai ya sukari nyingi alichokunywa tangu utotoni, akatoa ahadi nzito ambazo asubuhi, maumivu yakishapoa, huzikana zote.

Sisi wa Madimba, kijiji cha Mtwara, hatuwezi kusingizia kwamba hatukurithi desturi ya kujali kinywa. Wazee wetu wa Kimakonde walichonga meno yao kwa ajili ya urembo, wakavumilia patasi ili tabasamu lipendeze. Na waliopita chuoni walifunzwa kwamba mswaki wa mti ni sunna, mswaki ambao Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 1986 lilihimiza utumike pale ulipo katika desturi ya watu. Hamu tunayo. Tulichokikosa ni mkumbushaji, kwani katika kijiji chenye adabu mtoto hathubutu kumwambia babaye kwamba kinywa chake kimechacha. Mke humwambia mumewe kwa mafumbo, na mafumbo ya mke yana tafsiri nyingi. Mkwe naye huyaona yote akanyamaza, akavuta kiti chake nyuma kidogo. Mimi niliishi katika heshima hiyo kwa miaka mingi, nikidhani kwamba watu wanavuta viti nyuma kwa kunistahi.

Mpwa wangu, kijana wa Mtwara mjini aliyebobea katika mambo ya simu, alipokuja kututembelea aliitambua hali hiyo mara moja. Na madhali mpwa hana ruhusa ya kumsema mjomba wake kwa jambo la namna ile, kazi hiyo akaikabidhi simu. Alinieleza kwa unyenyekevu kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalitoa mwongozo wa kuzitumia simu kwa afya ya kinywa. Nikamjibu kwamba sioni ajabu, kwa kuwa tangu mwaka 2012 mama wajawazito wa nchi hii walikuwa wakipata nasaha kwa ujumbe mfupi katika kampeni ya Wazazi Nipendeni, na ujumbe uliokwisha kumfikia mtoto akiwa tumboni hauwezi kushindwa kulifikia gego la mzee. Basi akapanga mambo yake: kengele ya asubuhi na ya usiku, saa ya kuhesabu dakika mbili za kusugua, kamera ya kupigia meno picha, na kalenda ya kunikumbusha siku ya kumwona tabibu. Vyote hivyo vilikuwamo ndani ya simu tangu ilipotoka dukani, bila ya mimi kuvijua. Na ili kengele iwe na nguvu, aliirekodi sauti ya mjukuu wangu, ambaye kwa haki ya utani baina ya babu na mjukuu aliruhusiwa kusema maneno ambayo hakuna mwingine nyumbani angeyatamka: “Babu, kinywa! Nenda kapige mswaki!”

Nilikuwa nimemwambia mpwa wangu kwamba kengele ya usiku ilie saa mbili, nikitoka kuswali isha. Naye aliandika mbili, kwa utii. Lakini simu huanza kuhesabu saa zake saa sita ya usiku, wala haina habari ya machweo. Hivyo ilikaa kimya saa mbili yetu ikapita, ikalia saa nane ya usiku, saa ambayo katika vijiji vya pwani hapazi sauti ila mwenye habari ya msiba. Mke wangu aliruka kitandani akajifunga kanga ya kichwa, tayari kwa kilio. Jirani wa upande wa kibla alifika mlangoni na panga mkononi na kofia ya kitanga kichwani, akauliza kwa sauti ya huzuni ni nani aliyetutoka. Mjukuu wangu, aliyeamshwa na sauti yake mwenyewe ikimpigia babu kelele kutoka juu ya kabati, aliangua kilio cha kweli, na kilio hicho kikamthibitishia jirani msiba. Ilibidi tumwoneshe simu, kisha tumwoneshe mswaki, ndipo alipokubali kwamba hapakuwa na maiti. Naye hakuondoka mpaka alipopikiwa chai, aliyoinywa na sukari tele, akaenda kulala bila ya kusukutua.

Kengele ilipokwisha kuwekwa saa ishirini kwa hesabu ya simu, mpwa wangu alitia programu ya ziada yenye picha ya jino, ambalo ukipiga mswaki hucheka, na usipopiga hutoa machozi. Ukaja mwezi wa Ramadhani. Kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi ni makuruhu mwenye kufunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, hukumu ambayo aliyeiunda programu ile hakupata kuisikia. Hivyo alasiri moja, tukiwa barazani tumekaa kwa utulivu wa njaa, jino lilitokea katika kioo cha simu likilia kwa kwikwi za kusikika. Shekhe mmoja aliyekuwapo akauliza linalia nini. Akajibiwa kwamba linataka kupigwa mswaki. Aliinamisha kichwa akatafakari, kisha akatoa hukumu kwamba jino lile lina nia njema ila halikusoma fiqhi. Kengele zikahamishwa, moja baada ya daku na nyingine baada ya tarawehe, na jino likafunga pamoja nasi hadi Idi.

Zile dakika mbili nazo zina mtihani wake kwa anayesugua meno uani, ambako vijana hupita wakienda mashambani, na kila mmoja hutoa shikamoo yake inayodai jibu papo hapo. Mwenye povu kinywani ana hiari ya mambo mawili: kunyamaza aitwe mwenye kiburi, au kuitikia. Nilipoitikia ilitoka “bwalahaba,” na vijana wa Madimba wamenisalimia kwa furaha kubwa tangu hapo, na kila asubuhi hungoja niwe na povu.

Picha ndiyo iliyoleta kishindo zaidi. Kulipiga picha gego la nyuma si kazi ya mtu mmoja: mke wangu alilivuta shavu kwa mpini wa kijiko, mjukuu akashika tochi, mpwa akaingiza kamera kadiri adabu ilivyomruhusu. Tulipoikuza picha tuliona gego la rangi ya maziwa ya jana, ukoga wa manjano umelizunguka penye ufizi, na katikati yake tundu jeusi lenye ukingo wa kahawia, ambamo uzi wa pweza wa mchana ulikuwa umejikunja. Mpwa alikusudia kuipeleka picha kwa jamaa zetu ili tushauriane. Kidole kikateleza, ikaenda katika kikundi cha Wasapu cha wakulima wa korosho, nao ulikuwa msimu wa mnada.

Majibu yalifika kwa wingi. Wa kwanza alisema mzigo huo ni daraja la pili na asitokee mtu wa kubisha. Wa pili alisema unyevu umezidi, uanikwe tena. Wa tatu alitaka kujua umetoka ghala gani, ili asije akachanganyiwa na wake. Ilipobainika kwamba ni jino, akatokea mzee aliyenishauri kwa mapenzi nitie tone la mafuta ya ganda la korosho lichome wadudu. Mke wangu, ambaye ameona mafuta hayo yanavyobabua vidole vya wanaobangua, alimwandikia aanze yeye. Lakini katika kikundi kile kile alikuwamo mwenye binti tabibu wa meno, akampelekea picha, na jibu la binti lilikuwa fupi kuliko yote: picha haitoshi kupimia jino, njoo nilitazame lingali la kuzibwa, usingoje liwe la kung'olewa.

Siku ya miadi ilitiwa katika kalenda, nasi tukalala tukiitegemea simu, nayo ikazima usiku kwa kukosa chaji, maana umeme ulikuwa umekatika. Nawaachia wenye hekima wanifafanulie namna gesi ya Mnazi Bay, inayosafishwa hapa hapa Madimba na tangu mwaka 2015 kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme, isivyoweza kuchepuka kidogo njiani ikaijaza simu yangu. Aliyetuamsha alikuwa mjukuu, kwa kinywa chake mwenyewe, na kwa maneno yale yale. Tukawahi gari la mjini, nikachomwa ganzi, tundu likasafishwa na kuzibwa, na gego langu lingali linatafuna ming'oko hadi leo.

Baada ya fedheha zote hizo, hukumu yangu ni kwamba fadhila kubwa ya simu haitokani na akili yake, ambayo ni haba, bali na kutokuwa na haya. Yale ambayo heshima iliwakataza mke, mkwe na jirani kunieleza, simu iliyasema usiku wa manane mbele ya mtaa mzima, na meno ya nyumba yangu yakanufaika kwa kutahayari kwangu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na mengi ya maradhi hayo huzuilika kwa mambo mepesi: mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floridi, sukari kidogo, na kumwona tabibu kabla ya maumivu. Hakuna katika hayo linalodai simu ya bei ghali, na kitochi chenye kengele kinatosha.

Basi, msomaji wangu, tega kengele yako usiku wa leo. Saa mbili uiandike ishirini, simu uichaji umeme ungalipo, na kabla ya kupeleka picha ya gego lako popote, soma kwanza jina la kikundi.